Mfalme Jahangir: Aliyeruka Majivu Akakanyaga Moto

Watu wengi wa mwambao, toka Lamu hata Unguja, walimjua Mfalme Jahangir katika sinema kabla hawajamjua katika vitabu. Yeye ndiye yule mwana wa mfalme aitwaye Salim katika filamu ya Mughal-e-Azam iliyotoka mwaka 1960, anayempenda Anarkali mchezaji ngoma, na baba yake, Akbar, akakataa katakata. Mapenzi hayo ni hadithi zaidi kuliko tarikhi, na leo sina haja nayo. Ninalotaka kusimulia ni jambo jingine katika maisha ya mtu huyo, ambalo aliliandika mwenyewe kwa Kiajemi katika kitabu cha habari zake, bila ya kuona haya: namna alivyotekwa na mvinyo, akatafuta dawa, na dawa nayo ikamteka.

Huenda msomaji akauliza, mfalme wa Bara Hindi aliyekufa mwaka 1627 ana nini na sisi? Jibu nililipata mbali na pwani, huko Busia na Malaba, katika mpaka wa Kenya na Uganda. Miji hiyo miwili ni milango ya bara. Malori yatokayo bandari ya Mombasa hukata zaidi ya kilomita 900 kufika hapo, nayo hupanga foleni yakingoja makaratasi kabla ya kuendelea Kampala, Kigali na Kongo. Ndipo penye asili ya neno bodaboda, maana baiskeli zilikuwa zikichukua watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Na katika foleni hizo, miongoni mwa madereva, matingo na wachuuzi, hukosi kumsikia mtu anayezungumza Kimvita au Kiamu safi. Ni watoto wetu.

Baadhi yao walihama pwani kwa makusudi. Walikuwa wakitumia unga, yaani heroini, na wazee wao wakaona dawa ni kuwatenga na maskani na marafiki. Wakapelekwa bara kwa ami au kwa mjomba, wakapata kazi ya lori. Unga wakauacha kweli. Lakini mpakani pombe haitafutwi, yenyewe humtafuta mtu. Kuna chang'aa ya upande huu, kuna waragi ya upande wa pili, na bei yake haishindi kikombe cha chai na mandazi. Kijana aliyeponea arosto ya unga hujikuta hawezi kulala mpaka apige gilasi, kisha mbili, kisha chupa. Nyumbani Mombasa mama yake anashukuru kwamba mwanawe ameacha. Ameacha nini? Hilo ndilo swali, na Jahangir alilijibu kwa maisha yake.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1569 huko Sikri, karibu na Agra. Baba yake, Akbar, alikuwa mfalme mkubwa kuliko wote wa ukoo wa Mughal, lakini watoto wake walikuwa wakifa wachanga. Akaenda kwa Sheikh Salim Chishti, mchamungu aliyekaa kilimani hapo, akaomba dua yake. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la sheikh huyo, naye Akbar akajenga mji mzima mahali hapo, Fatehpur Sikri, ambao kuta zake zasimama hata leo.

Ukoo ule ulikuwa na maradhi yake ya siri. Babur, baba wa babu yake Jahangir, alikuwa mnywaji wa kupindukia. Mwaka 1527, akikabili vita vikubwa na Warajputi, alitubia mbele ya jeshi, akavunja vikombe vyake vya dhahabu na fedha na kuwagawia maskini vipande. Toba ile ya mvinyo aliishika, ila majuni, mchanganyiko wa vileo ambao afyuni ilikuwa mojawapo, hakuiacha. Mwanawe Humayun naye alikuwa mtu wa afyuni. Kwa hiyo Salim alizaliwa katika nyumba ambamo kileo kimoja kikitolewa kwa mlango wa mbele, kingine kilikuwa kimekwisha kuketi uani.

Hata hivyo yeye mwenyewe anasema hakuonja mvinyo mpaka alipofika umri wa miaka 18, isipokuwa pale utotoni alipopewa tone kama dawa ya kikohozi. Siku moja, kambi ya baba yake ikiwa penye ngome ya Attock kando ya Mto Indus, alikwenda kuwinda akachoka sana. Mpiga bunduki mmoja akamwambia kikombe kimoja kingemwondolea uchovu. Mvinyo ukaagizwa kutoka nyumba ya tabibu, ukaja kidogo tu, kikombe na nusu, wa rangi ya manjano na mtamu. Akanywa, akaona raha.

Hapo pana la kuzingatia. Hakuanza kwa uasi wala kwa marafiki wabaya wa vichochoroni. Alianza kwa uchovu wa kazi na neno jema la mtu aliyemtakia afueni. Dereva aliyekesha siku tatu kwenye foleni ya Malaba huambiwa neno lile lile kwa lugha nyingine.

Kikombe kikazaa kikombe. Muda si muda mvinyo wa zabibu haukumfanya lolote, akaingia katika mvinyo mkali uliokenekwa mara mbili. Kwa muda wa miaka tisa akafikia vikombe 20 kwa siku, 14 mchana na sita usiku. Chakula chake kikawa kuku mmoja na mkate na figili. Mikono ikatetemeka hata hakuweza kushika kikombe, ikabidi watu wengine wamnyweshe. Mrithi wa ufalme ulioenea toka Kabul hata Bengal akawa ananyweshwa kama mtoto mchanga.

Ndipo akamwita Hakim Humam, tabibu aliyekuwa karibu sana na baba yake. Tabibu huyo hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimweleza wazi kwamba akiendelea hivyo miezi sita zaidi, mambo yatapita kiasi cha kutibika. Salim akaogopa, na hofu ile ilikuwa mwanzo wa akili. Akaanza kupunguza kidogo kidogo. Mvinyo mkali akauchanganya na wa zabibu, mafungu mawili ya huu kwa fungu moja la ule, na kwa muda wa miaka saba akateremka toka vikombe 20 hadi sita.

Katika hilo la kupunguza taratibu, tabibu wa zamani hakupotea njia. Tabibu wa leo wanajua kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafla, waweza kuingia katika degedege na kuweweseka, na mtu akafa. Kwa hiyo mlevi wa namna hiyo hafungiwi chumbani. Hupelekwa hospitali akapewa dawa za kutuliza kwa siku chache, pamoja na vitamini B1 ya kukinga ubongo. Arosto ya unga humtesa mtu vibaya sana, lakini mara chache kumuua. Kuikata pombe ghafla kwaweza kuua. Wazee wengi wa pwani waliouzoea mkasa wa unga wanaliona hili kinyume, wakidhani pombe ni jambo jepesi.

Lakini kuna sehemu ya pili ya tiba ile. Kadiri Salim alivyopunguza mvinyo, ndivyo alivyoongeza kitu kilichoitwa filuniya, dawa ya zamani ambayo ndani yake mna afyuni. Miaka mingi baadaye aliiacha filuniya akala afyuni yenyewe. Ameandika kipimo chake mwenyewe alipokuwa na umri wa miaka 46 na miezi minne: kwa ile mizani ya Wahindi ya mbegu nyekundu, mbegu nane mchana na sita usiku. Aliruka majivu akakanyaga moto. Sisi Waswahili tunalo neno la kale la afyuni, nalo ni kasumba, ila siku hizi twalitumia kwa fikira mbovu iliyomganda mtu kichwani. Maana zote mbili zinamfaa Jahangir.

Nduguze hawakupata hata nafasi hiyo. Murad alikufa mwaka 1599 kwa ulevi. Daniyal alipigwa marufuku na baba yake na kuwekewa walinzi wasiingize tone. Alikuwa na bunduki aliyoipenda mno, hata akaitungia shairi. Akawabembeleza watumishi wake, nao wakamletea mvinyo mkali ndani ya mtutu wa bunduki hiyo. Mvinyo ukachanganyika na kutu na mabaki ya baruti, akanywa, akafa mwaka 1605 akiwa na umri wa miaka 32. Kwa hiyo yule aliyelindwa kwa askari tu, bila ya tiba, alikufa, na yule aliyeambiwa kweli na tabibu aliishi. Walinzi huzuia mlango, hawazuii kiu.

Akbar alimjaribu Salim vilevile. Mwanawe alikuwa amemwasi, akajiwekea baraza yake huko Allahabad, na mwaka 1602 akapanga kuuawa kwa Abul Fazl, mwandani wa baba yake. Waliposuluhishwa mwaka 1604, Akbar alimkemea vikali, akamfungia siku kumi bila mvinyo wala afyuni, chini ya uangalizi wa tabibu. Siku kumi zikapita, mlango ukafunguliwa, naye akarudi alikotoka. Wangapi kwetu wamefungiwa hivyo, ndugu zangu, na furaha ya siku ya kumi ikageuka kilio siku ya kumi na moja? Kuusafisha mwili ni kutia nia tu. Sala yenyewe bado.

Akbar akafariki mwaka ule wa 1605, Salim akakalia kiti na kujiita Jahangir, yaani mtwaa dunia. Alitundika katika ngome ya Agra mnyororo wa dhahabu wenye kengele 60, ili aliyedhulumiwa auvute naye asikie. Akatoa amri 12, na mojawapo ilikataza kutengeneza na kuuza mvinyo na vileo vyote, ilhali yeye mwenyewe, na hakulificha, alikuwa akinywa tangu umri wa miaka 18. Amri hiyo haikukausha kisima. Nasi katika nchi zetu tumetunga sheria. Kenya ilipitisha sheria yake ya vileo mwaka 2010, Uganda ikapiga marufuku waragi ya vifuko mwaka 2019. Sheria ni njema, nami siibezi, lakini hakuna karatasi iliyowahi kutuliza mkono unaotetemeka.

Alijitahidi, hata hivyo. Akajiwekea mipaka: kunywa jioni tu, na usiku wa kuamkia Ijumaa kutokunywa kabisa. Alikuwa mtu mwenye jicho kali, akipenda picha, ndege na maua, akiandika habari za korongo wanaoatamia mayai kama mwanachuoni. Na jicho hilo hilo ndilo lililotuachia picha ya kutisha kuliko zote za zama zake.

Mwaka 1618 aliletewa habari za Inayat Khan, mmoja wa watumishi wake wa karibu. Mtu huyo alikuwa mla afyuni, na kila alipopata nafasi aliongeza na mvinyo juu yake. Viwili hivyo vikamla mpaka asibaki kitu. Alipobebwa mbele ya mfalme alikuwa ngozi juu ya mifupa. Jahangir akashangaa kuona kiumbe yu hai katika hali ile, akaamuru wachoraji wamchore, akampa fedha za njiani aende Agra. Haukupita muda akafa. Picha yake ipo hata leo katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na mchoro wake upo Boston. Ameegemea mito, mbavu zahesabika, macho yatazama mahali asipopaona mtu mwingine.

Ni ajabu kwamba mfalme aliyeagiza picha ile alikuwa naye akitumia viwili hivyo hivyo. Aliyaona kwa mwenziwe yale asiyoyaona kwa nafsi yake. Wallahu aalam, pengine aliyaona, ndiyo maana akataka yachorwe.

Kilichomsaidia kuliko amri na walinzi ni mkewe. Mwaka 1611 alimwoa Nur Jahan, mwanamke mwenye akili nyingi, ambaye baadaye jina lake lilipigwa kwenye sarafu. Mwaka 1621 pumzi ilipombana Jahangir na tabibu wakashindwa, yeye alimshika. Hakumfokea wala hakumnyima ghafla. Alipunguza vikombe kimoja kimoja, akamkinga na vyakula visivyomfaa, akakaa naye. Mfalme amekiri kwamba maarifa ya mkewe katika ugonjwa ule yalizidi ya tabibu wake. Kwa mkono wa Nur Jahan alipata nafuu.

Lakini mwili ulikuwa umekwisha kuchakaa, na ufalme ulikuwa ukiendeshwa na wengine. Mwaka 1622 Waajemi wakautwaa mji wa Kandahar, na mwanawe Khurram akaasi. Mwaka 1626 mwanawe mwingine, Parviz, akafa kwa pombe kama ami zake. Khurram huyu ndiye Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal. Alikuwa hajaonja mvinyo mpaka alipotimiza miaka 24, na aliyemhimiza aonje, kwa kiasi, ni baba yake. Mwana huyo baadaye aliumwaga mvinyo wake katika Mto Chambal na kuvunja vyombo, kama alivyofanya Babur.

Jahangir akafariki mwezi wa Oktoba 1627, njiani akitoka Kashmir kwenda Lahore, na kaburi lake liko Shahdara. Walioandika habari za siku zake za mwisho wanasema chakula kilimshinda, na afyuni iliyokuwa sahibu yake miaka mingi akaichukia ghafla. Hakutaka tena ila vikombe vichache vya mvinyo wa zabibu, mpaka navyo koo likavikataa. Alianza na mvinyo, akaukimbilia afyuni. Afyuni ilipomtoka, mvinyo ulikuwa bado unamngoja.

Hapo ndipo ninaporudi kwa vijana wetu wa Busia na Malaba. Ugonjwa ni mmoja, nguo ndizo mbili. Anayeacha unga akashika chupa hajapona, amehama nyumba. Na hatari yake ni kubwa, maana wengi waliotumia sindano wana ini lililokwisha kuguswa na virusi, na pombe hulimalizia. Tena aliye katika dawa ya methadoni akinywa pombe juu yake, vyote viwili huipunguza pumzi. Mtu hulala asiamke.

Wako watakaosema: basi methadoni nayo si kama ile filuniya ya Jahangir, kileo kwa kileo? Nimelisikia neno hili mabarazani, nami nalipinga. Filuniya alijipimia mwenyewe, akaiongeza atakavyo. Methadoni hutolewa hospitalini, kwa kipimo cha tabibu, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi. Haimlevyi aliyeizoea, bali humwondolea arosto ili afanye kazi na kusali. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na Malindi mwaka 2015. Ila dawa hiyo haitibu pombe, na mgonjwa akipandishwa lori kwenda mpakani bila ya kuhamishiwa kliniki nyingine, tumemkata mguu tuliompa.

Kuna dawa nyingine, naltreksoni, inayotumika kwa maradhi yote mawili. Marekani waliikubali kwa waliotumia afyuni na heroini mwaka 1984, na kwa walevi wa pombe mwaka 1994. Hupunguza ladha ya pombe na huuzibia unga mlango. Lakini haipewi mtu aliye katika methadoni, wala aliyetumia unga juzi, maana itamtupa katika arosto papo hapo. Sharti mwili uwe umesafika wiki nzima au zaidi. Kwa hiyo kijana anayekwenda kutibiwa pombe hana budi kumwambia tabibu habari zake zote za nyuma. Akificha kwa haya, dawa yenyewe yaweza kumdhuru. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Dini yetu imekwisha kutoa hukumu ya ulevi, na sina la kuongeza. Nakumbusha tu jambo tulilosomeshwa chuoni sote, kwamba katazo lenyewe lilishuka kwa daraja, hatua baada ya hatua, kwa huruma ya Mola kwa waja wake waliokuwa wamezoea. Hukumu imekamilika, lakini huruma haikufutwa.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa pwani, mnapopiga simu Busia au Malaba, msiulize tu kama mwana ameacha unga. Ulizeni anakula nini, analala vipi, mikono inamtetemeka asubuhi au la. Na ikiwa inatetemeka, msimwambie aache leo leo, wala msimfungie chumbani. Mwambieni aende hospitali, aseme yote, na mmoja wenu apande basi akakae naye.